Julius si mchoyo: tulivyobishana nyumbani juu ya "Tout le monde déteste Chris"



Leo sitaongea juu ya mbegu wala juu ya barua za kazi ambazo hazijibiwi. Nataka kuongea juu ya filamu ya kuchekesha, na juu ya mabishano iliyotuletea nyumbani kwetu Bulengera kwa muda wa miezi miwili hivi. Naandika hapa kwa sababu naona mabishano yale yanatuhusu sana sisi tuliosomeshwa.

Filamu yenyewe wengi wenu mnaijua. Tuliiona kwa vipandevipande tukiwa sekondari, kwa Kifaransa: "Tout le monde déteste Chris". Kwa asiyeijua, ni seri juu ya familia moja ya Wamarekani weusi wanaoishi Bedford-Stuyvesant, mtaa wa Brooklyn, mjini New York, kati ya mwaka 1982 na 1987. Baba ni Julius, mama ni Rochelle, watoto ni Chris, Drew na Tonya. Waliounda ile seri ni mchekeshaji Chris Rock na mwenzake Ali LeRoi. Ilianza kuonyeshwa Septemba 2005 kwenye televisheni ya UPN, ikahamia The CW mwaka 2006 baada ya UPN kufungwa, ikamalizika Mei 2009. Sezoni 4, episodi 88. Sauti ya mtu mzima inayosimulia ni ya Chris Rock mwenyewe, maana ni utoto wake anaoucheka, ingawa sisi wa Kifaransa tunasikia sauti ya mtu mwingine.

Mdogo wangu alizileta zote 88 ndani ya flashi. Tulikuwa watu sita mbele ya tele: papa, mama, tantine aliyekimbia vita upande wa Beni na sasa anakaa kwetu, wadogo wangu wawili, na mimi. Panno ya jua tuko nayo moja na batri moja. Jua likiwaka vizuri mchana, jioni tunapata episodi mbili. Mvua ikinyesha, na mvua ya Butembo mnaijua, tunalala mapema. Mama Kifaransa kinamsumbua, basi mdogo wangu wa kike alikuwa anamtafsiria, nusu Kinande nusu Kiswahili. Alikuwa anachelewa kidogo kila mara, kwa hiyo mama alikuwa anacheka wakati sisi tumeshanyamaza.

Mabishano yalianza siku ya kwanza kabisa, juu ya maziwa.

Katika episodi ya kwanza, maziwa yanamwagika mezani. Julius hasemi "pole", hasemi "pangusa". Anataja bei ya maziwa yaliyomwagika, kwa senti, na anataka mtu ayanywe. Mtoto akitupa kipande cha kuku, Julius anajua kile kipande ni pesa ngapi. Saa ya umeme ikiwa imewaka wakati mtu amelala, anaizima, maana aliyelala haangalii saa, na umeme unakula pesa. Hivyo ndivyo anavyoendelea sezoni zote 4.

Mdogo wangu wa kiume alimhukumu palepale: "Huyu papa iko mugumu! Mutoto hawezi hata kumwanga maziwa?"

Mama, baada ya kutafsiriwa, alimjibu: "Wewe umeshanunuaka maziwa siku gani?"

Basi nyumba ikagawanyika. Upande mmoja walisema Julius ni mchoyo na filamu inamcheka kwa haki. Upande mwingine walisema Julius ni mzazi mwenye akili, na wanaomcheka ni watoto ambao hawajalipa hata kodi ya chumba. Nikiongea na rafiki zangu nje, nilikuta mgawanyiko uleule. Wanasema Brazil, ambako seri hii imerudiwa miaka na miaka kwenye televisheni ya Record, watu wanajua maneno ya Julius kwa kichwa na wanampenda kuliko mtu mwingine yeyote ndani yake. Sishangai. Nchi ambayo bei zimeshaitesa haihitaji kufafanuliwa Julius ni nani.

Kitu kimoja kinachekesha zaidi kwetu, na Wamarekani hawawezi kukijua. Julius anahesabu senti. Sisi dola tunaitumia kila siku, lakini senti ya dola hatujawahi kuishika. Kwetu dola ni karatasi tu, na ikipasuka kidogo pembeni muuzaji anakurudishia. Kwa hiyo Julius alikuwa anahesabu pesa ambayo kwetu haipo, na mama alikuwa anauliza kila mara: "Hiyo ni franga ngapi?" Mdogo wangu alichoka kubadilisha. Mwishoni akawa anasema tu, "Ni bei ya nyanya mbili," "Ni kopo ya maharagwe." Nadhani ile tafsiri yake ilikuwa bora kuliko ya Kifaransa.

Mimi nilikuwa upande wa Julius, na nitawaambia kwa nini. Sisi wa agronomia tulifundishwa kwamba chakula hakipotei shambani peke yake. Kinapotea gunia likilala chini kwenye udongo wenye unyevu, kinapotea bungo akiingia ndani ya maharagwe, kinapotea lori likikwama siku tatu barabarani na kabichi zikioza. Tulifundishwa kuhesabu hasara pale inapotokea. Julius hajasoma hayo popote, lakini ndiyo kazi anayoifanya mezani kila asubuhi. Kuita hesabu ile uchoyo ni kama kumwita mchoyo mama anayeokota maharagwe yaliyoanguka wakati wa kupiga.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya Rochelle. Rochelle ni mama mwenye majivuno. Akikasirishwa kazini anaacha kazi siku ileile, na anawakumbusha watu wote kwamba mume wake ana kazi mbili. Katika sezoni ya kwanza kuna episodi juu ya kuponi za chakula, zile ambazo serikali ya Marekani ilikuwa inawapa watu wenye kipato kidogo. Julius anazipata, na kwake ni chakula tu, tena cha bure. Rochelle hataki. Kwake ni aibu, majirani wataona.

Mama alimuelewa Rochelle. Alisema mtu akikuona umesimama kwenye mstari wa msaada, hata siku ukipona atakuangalia kama mtu wa mstari.

Tantine alikuwa kimya. Yeye kuponi anazijua. Kule alikotoka, watu wamekuwa wakikimbia tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, na wengine wamekimbia mara tatu, mara nne. Yeye mwenyewe amesimama kwenye mistari ile. Akasema: "Ule mama hajalala njaa bado. Siku atalala njaa na batoto, ataenda saa kumi na moja asubuhi kushika nafasi."

Hakuna aliyejibu. Tuliendelea kuangalia, lakini nakiri sikucheka tena katika ile episodi. Na hapo ndipo nilianza kuiheshimu seri yenyewe, maana haikumpa mmoja haki yote. Aibu ya Rochelle ni ya kweli na tumbo la Julius ni la kweli, na filamu inaviacha vyote viwili vikae meza moja.

Sitaki kusema kila kitu ni kizuri. Kuna mambo mawili nailaumu seri hii.

La kwanza ni vitisho vya kupiga. Rochelle anawatishia watoto kila siku, kwa maneno makubwa sana, na sisi tunacheka. Mama alisema huo ndio ulezi. Mimi sikubali. Kitisho kinachekesha kwa sababu tunajua mwandishi hatamwacha mtoto aumie. Nje ya filamu hakuna mwandishi. Nimesoma na watu ambao mpaka leo, mwalimu akinyanyua mkono kuandika ubaoni, wao wanainama. Filamu inaonyesha woga wa mtoto kama mchezo, na pale inadanganya kidogo.

La pili ni Bi Morello, mwalimu mzungu wa Chris. Chris anapelekwa shule ya mbali, Corleone, ambako yeye ndiye mtoto mweusi peke yake, kwa sababu wazazi wanaamini huko atasoma vizuri zaidi. Bi Morello anampenda kwa dhati na anamtukana kila siku bila kujua. Anafikiri baba yake ametoroka, anafikiri nyumbani wanakufa na madawa ya kulevya, wakati Julius yuko nyumbani amelala kwa sababu usiku alikuwa kazini. Nyumbani kwetu huyu mwalimu hakumchekesha mtu mwanzoni. Tafsiri haikufika. Basi nikawaeleza: siku moja mgeni wa mradi alikuja kwenye shamba la jirani akamuuliza polepole, kwa huruma, kama amewahi kusikia juu ya kupanda viazi kwa mstari, na mistari iko palepale mbele yake. Hapo wote walicheka mpaka tantine akashika mbavu. Kwa hiyo silaumu mchezo wenyewe. Nalaumu kwamba seri inamwachia Bi Morello mchezo uleule mpaka mwisho, haimlazimishi hata siku moja kuona.

Sasa nifike kwa papa, maana yeye ndiye aliyegeuza mabishano yetu.

Papa aliangalia karibu sezoni mbili bila kutoa maoni. Sisi tulikuwa tunamtania. Julius akizima taa, tunamwangalia papa. Julius akihesabu, mtu anasema, "Papa, ule si wewe?" Siku moja alizima sauti ya tele, akasema: "Munanifananisha na ule papa. Mimi si ule. Mimi ni kale katoto. Ule ni babu yenu."

Sikuwa nimefikiri hivyo hata siku moja. Papa alizaliwa 1965. Chris Rock pia alizaliwa 1965. Wakati ule wa filamu, papa wangu alikuwa kijana, na aliyekuwa anahesabu kiberiti nyumbani ni babu.

Akatueleza jambo ambalo tulikuwa tumesoma shuleni kwa mstari mmoja tu. Mwisho wa Disemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na mpaka. Babu alikuwa ameweka za kununua mabati ndani ya kopo. Alirudi na sehemu ndogo. Zilizobaki watoto walizichezea, papa akiwa na miaka 14. Tangu pale babu akawa mtu wa kuhesabu, na hakuamini tena pesa iliyolala. Akipata kitu ananunua mche, anapanda mti.

Nyumba yote ilinyamaza. Mimi niliyejifanya mtetezi wa Julius nikaona sikuwa nimemuelewa. Nilifikiri mtu anahesabu kwa sababu ana kidogo. Kumbe mtu anahesabu pia kwa sababu alikuwa nacho na siku moja kikaitwa karatasi.

Baada ya jioni ile nilirudia episodi kadhaa peke yangu, nikiangalia kitu kimoja tu: Julius anataja bei ya vitu gani? Maziwa, kuku, umeme, viatu, sabuni. Anataja bei ya kila kitu isipokuwa usingizi wake. Ana kazi mbili, analala mchana watoto wakiwa shuleni, anaamka anaondoka, na hajawahi kuwaambia watoto saa moja ya usingizi wake ni senti ngapi. Anayezitaja zile kazi mbili ni Rochelle, tena kwa majivuno. Na kazi zenyewe tunaziona kwa nadra. Tunamuona akirudi na akiondoka. Watazamaji wengi wanaomwita mchoyo wanaangalia anachokihesabu. Mimi nawaomba waangalie asichokihesabu.

Hilo linaweza kuwa kosa la seri, kwamba imeficha kazi ya baba. Lakini naona ni ukweli wake, maana msimulizi alikuwa mtoto, na mtoto haoni kazi, anaona tu mtu aliyechoka. Ni ile sauti ya mtu mzima ndiyo inayofanya hesabu baadaye. Ndiyo maana filamu hii lazima iwe ya wakati uliopita. Ingekuwa ya leo, ingekuwa malalamiko ya mtoto tu.

Na kuna jambo lingine ambalo mtu anapaswa kulijua. Katika maisha ya kweli baba wa Chris Rock aliitwa pia Julius, alikuwa dereva wa lori na alisambaza magazeti. Alikufa mwaka 1988. Seri inaishia 1987. Chris Rock na wenzake walibadilisha miaka, maana mwaka 1982 yeye mwenyewe alikuwa na miaka 17, na mtoto wa filamu ana 13. Wangeweza kuendelea, wangeweza kubadilisha tena. Walisimama wakati baba bado anaingia mlangoni.

Mlango ule ndio mwisho wenyewe. Chris amechelewa shule mara nyingi mno, akaambiwa atarudia darasa, akaamua kuacha shule na kufanya mtihani wa GED, ule unaompa mtu cheti kinacholingana na diplome ya sekondari. Familia inamngoja Julius mgahawani aje na matokeo. Lori linafika. Julius anaingia. Na picha inakatika.

Nyumbani kwetu ilikuwa fujo. Tulifikiri flashi imeharibika! Mdogo wangu alitoka kesho yake mpaka kwa kijana anayetutilia filamu, kudai episodi nzima. Alirudi amekasirika: "Anasema ni pale inaishiaka." Baadaye nilijua kwamba walikuwa wanaiga kwa utani mwisho wa seri nyingine ya Marekani, "The Sopranos", uliokatika hivyohivyo mwaka 2007. Lakini sisi hatukuijua hiyo. Sisi tulitaka matokeo.

Mama alisema huo ni wizi: ukimwangalia mtoto wa mtu jioni arobaini, uko na haki ya kujua kama alifaulu. Mdogo wangu wa kiume alisema alifaulu, si amekuwa tajiri? Tantine alisema kama angefeli, baba asingeingia na uso ule. Papa alisema tu kwamba baba amefika na lori liko salama, mtihani unaweza kurudiwa.

Hukumu yangu mimi ni kwamba mwisho ule ni mzuri, na unatuuma sisi wasomi kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba karatasi ndiyo mwisho wa hadithi. Mimi karatasi ninayo. Lisansi ya agronomia, imewekwa ndani ya plastiki ili unyevu usiiguse. Tangu niipate nimefanya kazi za miezi miwili miwili, na katikati nimelima viazi vya mama kama nilivyokuwa nalima kabla ya kuanza chuo. Jirani ananiita "mtaalamu" nikiwa na jembe mkononi, na sijui kama ananiheshimu ao ananicheka.

Lile shamba la miti alilopanda babu, papa aliliuza mwaka wangu wa kwanza chuoni. Kalitusi bado changa. Niliona ikikatwa na sikuuliza kitu. Juzi, baada ya episodi ya mwisho, ndipo nilimuuliza papa ni pesa ngapi alipewa. Papa ambaye anajua bei ya kiberiti alisema amesahau.

Hajasahau. Mimi nimesomea kuhesabu miti, naweza kukisia. Iliuzwa kama nguzo wakati ingeweza kungoja iwe mbao, na tofauti ya nguzo na mbao si ndogo. Hasara ile aliibeba yeye, na hakutaka niingie nayo kwenye mtihani, wala niingie nayo kwenye miaka hii ya kutafuta kazi. Nimeelewa kwa nini hakusema. Lakini naona pia kwamba mimi nina umri wa kutosha kuijua.

Kwa hiyo, wenzangu, mkiipata hii seri iangalieni tena, safari hii na wazazi, na mtafute mtu wa kutafsiri. Chekeni. Kisha mniambie: kwenu Julius ni nani, na ni kitu gani hajawahi kuwatajia bei yake?

Mimi kwa upande wangu nimeanza kitalu cha miche nyuma ya nyumba. Kalitusi kidogo, grevilea zaidi, maana haigombani sana na maharagwe. Papa alikuja kuiangalia asubuhi, akahesabu mifuko yote kwa kidole, akaniambia kwamba miwili haina udongo wa kutosha.